Mbwa wa ulinzi: Banda lake liwe wapi?



Ndugu msomaji, wiki hii tunajibu suala la mama mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam. Wezi waliruka ukuta wao mara mbili, mumewe akaleta mbwa na kumfunga kwa mnyororo karibu na mlango wa jiko. Sasa mama huyo kila akianua nguo huingiwa na wasiwasi juu ya swala yake, na mwanawe wa miaka mitatu huchezea mchanga pale pale anapojisaidia mbwa. Anauliza: mbwa afukuzwe, au kuna njia?

Njia ipo. Mtume (s.a.w.) aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na akatahadharisha kuwa anayefuga bila ya haja hupungukiwa na thawabu kila siku. Imam Nawawi (r.a.) ameona kuwa kauli sahihi zaidi ni kujuzu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kulinganisha na hao. Lakini mlinzi hukaa nje. Kosa la nyumba hiyo ni mahali alipowekwa mbwa.

Kwanza, chagueni pembe ya ua karibu na geti, mbali na jiko, kisima, kamba ya nguo na mahali pa kuswalia. Maji ya kuoshea banda yasitiririke kuelekea huko.

Pili, banda liinuliwe kidogo kutoka chini ili lisiingie maji ya mvua. Mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujinyoosha ndani yake. Bati tupu huwaka kwa jua letu la Pwani, kwa hiyo liwe chini ya mti au lifunikwe makuti. Mlango usielekee upande unaoleta upepo na mvua.

Tatu, mbele ya banda zungushieni uzio wa waya wenye urefu wa futi sita, na chini yake mimine saruji, kwani mbwa hufukua. Sakafu ya saruji yenye mteremko huosheka kwa urahisi. Komeo liwe juu, mtoto asilifikie. Mchana mbwa akae humo, usiku afunguliwe alinde. Kumfunga mnyororo kutwa nzima ni kumtesa, na humfanya mkali hata kwa wenyeji.

Nne, kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa. Mayai ya baadhi ya minyoo ya mbwa huchukua kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kuambukiza. Anayezoa kila siku amemkinga mwanawe. Koleo, ufagio na sahani ya mbwa visitumike kwa kazi nyingine.

Tano, achanjwe kichaa cha mbwa akifikia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za ugonjwa huu zikishatokea, ni nadra mno mtu kupona.

Kuhusu nguo, katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, mbwa mkavu akigusa nguo kavu haiwi najisi. Kukiwa na unyevu au mate, ioshwe mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kwa hiyo mama, kamba yako ikiwa mbali na uzio, ondoa wasiwasi.

Mwisho, tusisahau haki ya mnyama. Mtume (s.a.w.) ametusimulia habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi maji safi yawemo bandani asubuhi na jioni.

Wallahu a'alam.