Kigoda Kilichozaa Jina la Mtihani

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, atakaye digrii yenye heshima hufanya mtihani uitwao Tripos. Asili ya jina hilo ni kigoda cha miguu mitatu. Zamani, wakati wa kutoa digrii, msomi mmoja aliketi juu ya kigoda hicho akabishana na wanafunzi kwa hoja na mzaha. Naye akaitwa Bwana Tripos.

Mabishano hayo yalipokoma, yalibaki mashairi ya Kilatini yaliyopigwa chapa. Katika karne ya 18, majina ya waliofaulu yalianza kuchapwa nyuma ya karatasi ya mashairi. Basi jina la kigoda likahamia kwenye orodha ile, na mwisho kwenye mtihani wenyewe.

Mwaka 1890 Philippa Fawcett aliwashinda wanaume wote katika Tripos ya hesabu. Hata hivyo hakupewa digrii, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa. Cambridge ilianza kuwapa wanawake digrii mwaka 1948, na mwaka huo huo Fawcett alifariki, akiwa na umri wa miaka 80.