Haya Inapogeuka Kuwa Ugonjwa

(Muziki wa kufungua)

Leo tunazungumzia hofu ya kupindukia mbele ya watu. Wengi wanaougua ugonjwa huu hudhani ni tabia waliyozaliwa nayo, basi hawatafuti msaada.

Chukua mfano wa kijana anayeishi Umoja. Amepanda matatu mjini na anataka kushuka Mutindwa. Anachohitaji ni kusema "shukisha" tu. Lakini moyo unamdunda, viganja vinatoka jasho, koo limekauka. Anawaza, "Sauti ikikwama, wote watageuka wanitazame." Matatu inapita kituo chake. Anangoja mpaka abiria mwingine aombe kushuka, naye anateremka hapo kimya kimya na kurudi kwa miguu. Nyumbani hamwambii mtu.

Je, hiyo ni haya tu? Karibu kila mtu hutetemeka kidogo anaposimama kanisani kutoa ushuhuda au anapokwenda kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Hofu ya namna hiyo hupungua baada ya muda mfupi. Huwa ugonjwa inapozidi jambo lenyewe, inapodumu kwa miezi 6 au zaidi, na inapokuzuia kuendesha maisha yako. Jiulize maswali haya:

1. Je, unaogopa sana kuzungumza, kula au kuandika ukitazamwa?

2. Je, huanza kuhangaika siku kadhaa kabla ya mkutano wa chama au harusi?

3. Je, unakwepa kupokea simu, au kumwambia mwenye nyumba kwamba mfereji umeharibika?

4. Je, baada ya mazungumzo hukosa usingizi ukitafuta neno ulilokosea?

Ikiwa umejibu "ndiyo" mara kadhaa, usijitangazie ugonjwa, lakini unayo sababu ya kumwona mhudumu wa afya.

Ugonjwa huu hauna chanzo kimoja. Huonekana zaidi katika familia fulani, na pengine huchochewa na mambo kama kuchekwa darasani au kukaripiwa mbele ya watu. Mara nyingi huanza utotoni au katika ujana, ndiyo maana mzazi husema mtoto ni mpole, na jirani husema anaringa. Si maringo, si uvivu, wala si laana. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza katika orodha yao ya magonjwa mwaka wa 1980, na leo unatambuliwa kote duniani.

Hapa Eastlands tunaishi karibu karibu. Ploti nzima huweza kutumia mfereji mmoja. Mwenye hofu hii hungoja watu walale ndipo achote maji. Fundi hodari hushindwa kudai pesa zake. Mbaya zaidi, mtu huugua ugonjwa mwingine kabisa na asiende kliniki, kwa kuogopa kujieleza kwa karani huku foleni yote ikisikia.

Msikilizaji, hofu hii hukuzwa na kukwepa. Kila unapokwepa unapata nafuu ya muda mfupi, na akili inajifunza kwamba kukwepa ndiko kulikokuokoa. Kwa hiyo panda ngazi polepole. Anza kwa kumsalimu mama mboga na kumuuliza bei. Kisha, unapolipa nauli, mwambie makanga utakaposhukia. Halafu jaribu kusema "shukisha" wakati abiria ni wachache, na baadaye matatu ikiwa imejaa. Rudia kila hatua mara nyingi mpaka hofu ipungue, ndipo uendelee. Unapozungumza, msikilize mwenzako badala ya kuusikiliza moyo wako. Kutetemeka unakokuona kukubwa, mara nyingi wengine hawakuoni.

Msaada wa kitaalamu upo. Mshauri nasaha aliyefunzwa atakusaidia kubadili mawazo na mazoea yanayolisha hofu. Daktari anaweza pia kukupa dawa kama sertralini. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na usiiache ghafla bila kumwuliza. Usitulize hofu kwa chang'aa wala kwa tembe za kutuliza bila idhini ya daktari, kwa maana zinaweza kukufanya mtumwa. Miraa na muguka huzidisha mapigo ya moyo.

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Hospitali ya Mathari iliyo Barabara ya Thika, ambayo ilianza kuhudumia wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, pia ina kliniki ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani. Si kila aingiaye hulazwa. Ukiona kujieleza ni vigumu, andika dalili zako kwenye karatasi umpe mhudumu. Ukipata mawazo ya kujiua, mwambie mtu unayemwamini na uende hospitalini siku hiyo hiyo.

Nanyi jamaa, msimcheke wala msimwambie "jikaze." Msimsemee kila jambo. Mwandamane naye hatua ya kwanza, kisha mwacheni aseme mwenyewe.

Huenda hofu isiishe yote. Wengi waliotibiwa bado husikia moyo ukidunda, lakini husema "shukisha" na kuteremka kituo chao.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaheri.

(Muziki wa kufunga)