Nguva si Binti wa Majini, ni Binamu wa Ndovu

Ijumaa moja baada ya sala nilimchukua binti wa mdogo wangu, mtoto wa miaka tisa, tukatoka Parklands tukashuka kwa miguu hadi Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, upande wa Westlands, hapa Nairobi. Mtoto huyu amezaliwa huku bara, na Amu anaijua kwa likizo za Disemba tu. Njiani tulipita duka la vitu vya watoto, na katika dirisha lake ulitundikwa mkoba wa shule wenye picha ya msichana mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki. Akanivuta kanzu.

"Ami, nguva wako kweli kwetu Lamu, ama ni hadithi?"

Nikamjibu kuwa wako, ila hapana hata mmoja mwenye nywele za kuchana. Hakuniamini. Nami sikumlaumu, kwa kuwa hata sisi watu wazima wa pwani, tulio na jina la mnyama huyu midomoni mwetu tangu enzi za mababu, wengi wetu hatujui ni kiumbe gani. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini, na katika jambo la nguva usemi huo umetimia.

Uani mwa makumbusho imesimama sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyekuwa na pembe ndefu ajabu. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu kwamba ndovu huyo alindwe, na walinzi wakawekwa kumchunga mpaka alipokufa mwaka 1974. Nikamwonyesha mtoto, nikamwambia, "Huyu ndiye binamu yake nguva." Akanitazama kwa jicho la mtu anayefanyiwa mzaha.

Waama haukuwa mzaha. Nguva si samaki. Hana mashavu ya kuvutia hewa majini kama changu au tafi. Ana mapafu kama mimi na wewe, na kila baada ya dakika chache hana budi kupanda juu kupumua. Huzaa mtoto na kumnyonyesha. Wataalamu wa viumbe wanatwambia kuwa jamaa zake wa karibu walio hai nchi kavu ni ndovu na pimbi. Nguva dume huota pembe mbili fupi mdomoni, na jike ana maziwa mawili kifuani, chini ya mapezi ya mbele, kama vile ndovu jike alivyo na maziwa mawili baina ya miguu ya mbele. Bila shaka ni maziwa hayo yaliyowafanya mabaharia waliokuwa miezi mingi mbali na nyumba zao wadhani wameona mwanamke.

Anao na ndugu wengine wa majini, ambao hawamo katika bahari yetu. Hao huishi katika mito na pwani za Afrika ya Magharibi na za Marekani, na mkia wao ni wa mviringo kama kafi, ilhali mkia wa nguva wetu umepasuka kati kama wa nyangumi. Ndugu mwingine, mkubwa kuwapita wote, alikuwa akiishi katika bahari ya baridi kaskazini, karibu na Urusi. Mtaalamu aitwaye Georg Wilhelm Steller alimwona mwaka 1741 na kumwandika. Kufika mwaka 1768, yaani miaka 27 tu baadaye, wawindaji walikuwa wamemmaliza, asibaki hata mmoja duniani.

Chakula cha nguva ni majani yaotayo chini ya bahari, katika maji mapole yasiyo na kina kirefu. Hula makumi ya kilo kwa siku, na apitapo huacha njia mchangani kama ng'ombe aliyelisha malishoni. Ndiyo sababu makao yake kwetu ni visiwa vya Lamu, maji ya Kiunga na Ghuba ya Ungwana hadi milango ya mto Tana. Kwa jirani zetu wa Tanzania, makao yake ni Rufiji, Mafia na Kilwa. Palipokufa majani hayo nguva hana la kufanya, ila ahame au afe.

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, kabla sijahitimu juzuu, niliwahi kumwona mmoja. Mashua ilifika pwani alasiri, na nguva amelala ndani, umbo lake kama gunia kubwa la kijivu. Macho yake yalikuwa yakitoka maji mazito, na wazee wakasema analia. Nyama iligawanywa, na nyumba yetu ikapata fungu. Ilikuwa tamu, kama nyama ya ng'ombe hasa. Usiku ule nilimsikia mvuvi akimwambia baba yangu kwamba mtoto wa nguva yule aliifuata mashua mpaka maji yalipokuwa haba, ndipo akarudi. Neno lile limekaa nami miaka yote hii.

Zamani mvuvi aliyempata nguva katika baadhi ya sehemu za pwani yetu alikuwa akiapishwa kwa Msahafu kuwa hakumtendea jambo la aibu. Ni desturi yenye kumfedhehesha mvuvi, na yatokana na imani ile ile kuwa nguva ni nusu mtu. Lakini ukiitazama kwa upande mwingine, utaona kuwa wazee wetu walitambua kwamba kiumbe huyu si windo kama mawindo mengine, na kwamba anayemtia mkononi ana la kujibu.

Leo la kujibu ni kubwa zaidi. Mwaka 1967 iliripotiwa kuonekana kundi la nguva wapatao 500 katika pwani ya kusini ya Kenya. Miaka ya 1990 ndege zilipopita juu ya bahari yetu kuwahesabu, walioonekana hawakuzidi kumi kila mara. Mnamo Disemba 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kuwa nguva wa Afrika ya Mashariki wamo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na kwamba waliofikia umri wa kuzaa hawafiki 250. Wengi wao wako Msumbiji, katika visiwa vya Bazaruto.

Adui wake mkubwa ni jarife. Wavu ule hutegwa usiku kwa ajili ya papa, na nguva akinasa hufa kwa kukosa pumzi hata kabla mwenye wavu hajaamka. Simlaumu mvuvi, kwani hakumkusudia nguva, na wavu uliochanika ni hasara juu yake. Tena si yeye peke yake. Ziko meli za kukokota nyavu zilizokuja Ungwana, na iko bandari mpya ya Lamu iliyofunguliwa mwaka 2021, ambayo ilihitaji kuchimbwa kwa njia za meli katika Ghuba ya Manda. Na nguva si mwepesi wa kuzaa. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja tu, na hukaa miaka kadha kabla ya kuzaa tena. Ukiua mama mmoja, umefunga mlango wa wengi.

Najua yuko msomaji atakayeniuliza, je, kilicho baharini si halali yetu? Ni halali, nasi twaisoma Suratul Maida. Lakini kuruhusiwa kula si kuamrishwa kumaliza. Dini hiyo hiyo imekataza israfu, imetufunza kuwa wanyama nao ni umma mfano wetu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonya kuwa hata shomoro aliyeuawa pasi na haki ataulizwa habari zake. Ndugu zetu walioko Abu Dhabi wanaishi karibu na nguva wapatao 3,000, na serikali ya huko imewatengea sehemu za bahari na kuwakataza watu kuwavua. Waarabu nao walikuwa wakimla tangu kale. Wameweza kuacha.

Tulipokuwa tukitoka, mtoto aligeuka akaitazama tena sanamu ya Ahmed.

"Ami, ndovu huyu aliwekewa askari na Rais. Nguva analindwa na nani?"

Nilitaka kumtajia sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na hifadhi ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Kisha nikaona kuwa sheria hailali baharini usiku, wala karatasi haiufungui wavu.

"Wavuvi," nikamjibu. "Wavuvi wa kwetu. Hana mwingine."