Je, Wajua? Siri ya Sombe na Mawese

Yakikaushwa, majani ya muhogo huwa na protini takriban robo ya uzito wake. Ndiyo sombe, au pondu, mboga ya kila siku Kisangani.

Yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi. Hutwangwa kinuni mpaka yalainike, kisha huchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, sumu itoke na mvuke.

Mawese yanayotiwa kwenye sombe yanaongeza beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho. Kwa lituma, makemba yaliyochemshwa na kupondwa, sombe hunoga hata bila samaki.

Angalizo: usiyaunguze mawese hadi yapoteze wekundu; rangi ikipotea, na karotini imekwenda.