Papa wa maziwa haongezi maziwa ya mama

Kuna papa mdogo wa baharini ambaye Waingereza humwita "papa wa maziwa". Jina hilo lilitokana na imani ya huko India kwamba mama anayenyonyesha akila nyama yake, maziwa huongezeka.

Mzazi wa Mbinga au Mbamba Bay utasema Ziwa Nyasa halina papa. Ni kweli. Lakini samaki mkavu husafiri kwa lori, na swali la "nile nini maziwa yatoke" halina mkoa.

Papa huyu alielezwa kisayansi mwaka 1837 na Mjerumani Eduard Rüppell, kwa samaki wa Bahari ya Shamu. Leo anaitwa Rhizoprionodon acutus. Jenasi yake ina spishi saba, nyingi zikiwa za urefu wa mita moja hivi, na pwani yetu huyu yupo. Hazai mayai, huzaa watoto hai waliolishwa kwa kondo, kama sisi. Anatambulika kwa mikunjo mirefu pembeni mwa mdomo, lakini akishakatwa na kukaushwa utaiona wapi? Sokoni wote ni "papa", mdogo na mkubwa.

Hapo ndipo afya inapoingia. Papa hula samaki wengine, hivyo zebaki hujikusanya mwilini mwake, zaidi kwa wale wakubwa walioishi miaka mingi. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Marekani inawashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasile papa kabisa. Akikaushwa kwa chumvi nyingi, mwenye shinikizo la damu naye ana sababu ya kumwepuka.

Maziwa huongezwa na mtoto mwenyewe kwa kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana, na titi kumalizwa. Mama anahitaji kula vya kutosha na kunywa maji. Yakiendelea kuwa machache, nenda kliniki wakaangalie namna mtoto anavyoshika titi.

Kwa kitoweo, mimi ningechagua usipa, yaani dagaa Nyasa. Mifupa ya papa ni gegedu tupu na hatuili. Usipa huliwa mzima, na mifupa yake ina kalsiamu. Ni mdogo, haishi miaka mingi, hula vijidudu vya majini. Osha mchanga vizuri na uwapike waive. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuwekewa kidogo kwenye uji, wakiwa wamesagwa laini.