Je, Wajua? Tafsiri inaweza kuwapo na isionekane

Umeichagulia programu Kiswahili, lakini nusu ya menyu imebaki Kiingereza. Usikimbilie kuifuta na kuisakinisha upya. Kwenye Linux, programu nyingi hutumia gettext: kila sentensi ya Kiingereza hutafutiwa tafsiri ndani ya faili la .mo, na isipopatikana, huonyeshwa ile ile ya awali bila onyo lolote.

Ajabu ni kwamba huenda mfasiri alishaifanya kazi yake. Mtengenezaji akibadilisha hata neno moja katika sentensi ya Kiingereza, kwa kawaida tafsiri ya zamani hupachikwa alama ya fuzzy, yaani ihakikiwe kwanza. Hadi mtu aiondoe alama hiyo, zana ya msgfmt huiruka tafsiri hiyo inapounda faili la .mo. Ni tahadhari ya busara, ingawa anayeumia ni mtumiaji.

Menyu yote ikiwa Kiingereza, kasoro huenda iko kwingine. Andika locale -a kwenye terminali: sw_TZ au sw_KE isipotokea, mfumo haujaandaliwa kwa Kiswahili. Ikitokea, kagua kigezo cha mazingira cha LC_ALL. Hicho hukishinda kigezo cha LANG, na kikiwekwa C, hata kigezo cha LANGUAGE hupuuzwa.