Ekra nyeusi isitufutishe daftari



Kwa sendika, ordinatere ndiyo daftari yetu: nani ametoa mchango, nani aliumia ndani ya shimo, mjane gani bado anangojea haki ya bwana wake. Siku ekra inabaki nyeusi, fundi anasema tufute yote tuanze upya. Tusikubali mbio.

Mashini nyingi za okazyo tunazonunua Butembo tunazitia Linux, sababu haiombi kulipa leseni. Linux ikiwaka, inaita yenyewe piloti, ni kusema programu ndogo inayoongoza kila chombo: karti ya picha, sauti, waifai. Kwa karti za Nvidia inaita piloti yenye jina nouveau, iliyoanzishwa na watu wa kujitolea. Kwa mashini nyingi inatumika muzuri. Kwa zingine inagandisha ekra.

Kwanza tujaribu, tusibadilishe kitu. Mashini ikianza kuwaka, finya Shift ao Esc mpaka orodha itokee, kisha herufi e. Tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza mwisho wake:

modprobe.blacklist=nouveau

Finya F10. Hii ni ya mara moja tu. Ekra ikifunguka, mwenye kosa amejulikana.

Sasa tumfungie mlango kabisa. Kwa Ubuntu ao Debian, fungua faili mpya:

sudo nano /etc/modprobe.d/zuia-nouveau.conf

Andika ndani: blacklist nouveau. Hifadhi, kisha:

sudo update-initramfs -u

Watu wengi wanasahau hatua hii. Kuna kifurushi kidogo kinachofunguliwa mwanzo kabisa wa kuwaka, na piloti inaweza kuwa imefichwa humo. Zima, washa, uliza: lsmod | grep nouveau. Isipojibu kitu, piloti haiko.

Picha inaweza kuwa kubwa-kubwa, bila urembo, lakini majina yote yako pale. Ukitaka kurudisha, futa faili ile, rudia update-initramfs, washa tena.

Angalisho: tusizuie piloti tusiyoijua. Ukizuia ya diski, mashini haitawaka. Na kila juma tuandike kopi ya daftari kwenye flashi, tuiweke nyumba ingine. Haki ya mjane isilale ndani ya mashini moja.